Wanawake Waliotikisa Historia ya Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Machi 8 inapokaribia, maswali haya hurudi: kutoka kwa wanafunzi wenye kazi ya nyumbani, kwa walimu wanaotafuta mifano, na kwa wazazi wanaotaka kumsimulia binti yao jambo la kweli. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili, mengine yanahitaji nafasi.

Mmewachagua vipi wanawake hawa? Mbona Malkia Nzinga na Cleopatra hawamo?

Nzinga ni wa Angola na Cleopatra ni wa Misri, nao wameandikwa sana. Hapa tumebaki Afrika Mashariki, kwa wanawake ambao habari zao zina mahali pa kushika: shairi walilotunga wenyewe, sahani ya santuri, faili la serikali ya kikoloni, au masimulizi ambayo jamii nzima inayatunza.

Jambo moja lisemwe mapema. Ukiwatazama kwa makini utakuta karibu kila mmoja alikuwa na kundi la wanawake nyuma yake: ngoma, taarabu, chama cha kufaana. Vitabu vya shule huwasimulia kana kwamba kila mmoja aliamka asubuhi moja akiwa shujaa peke yake. Hilo linawapunja wao, na linawafuta kabisa wenzao walioitikia wimbo.

Ni kweli pwani iliwahi kutawaliwa na wanawake?

Ndiyo, tena zaidi ya mara moja. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji kabla ya ukoo wa Shehe Mvita. Unguja ilikuwa na Mwana Mwema Fatuma katika karne ya 17. Alikuwa upande wa Wareno, na Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kuanzia 1696 hadi 1698 aliwapelekea chakula waliokuwa ndani. Alilipia msimamo huo kwa kuchukuliwa mateka hadi Muscat. Pate nayo ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Kwa hiyo anayesema uongozi wa mwanamke ni jambo geni lililoletwa na wakati wa sasa, hajasoma historia ya pwani yake.

Mwana Kupona aliandika shairi la kuwafundisha wanawake utii. Kwa nini tumsifu?

Swali la haki, na huulizwa zaidi na wasichana wa sekondari. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa Pate, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewasumbua masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mume alifariki 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti zipatazo 102.

Utendi unaanza kwa mama kumwita mwanawe asogee karibu na kumwagiza alete wino na karatasi. Huyo ni mwanamke wa kisiwani, katikati ya karne ya 19, anayetarajia kwamba binti yake anajua kuandika. Ni kweli, sehemu kubwa inahusu kumtunza mume, na mafunzo hayo si lazima yakubaliwe leo. Lakini isomwe yote. Mna adabu ya kukaa na watu, mna kutowadharau wanyonge, na mwishoni mna dua ndefu ya mama anayejua kwamba hatakuwepo kumlinda mwanawe. Mwisho anataja hata mwaka wa kutunga. Mtunzi anayeweka tarehe kwenye kazi yake anajua kwamba itasomwa baada yake, na ilisomwa: wanawake wa Lamu na Mombasa waliinakili na kuighani kizazi baada ya kizazi.

Kwa nini Sayyida Salme alitoroka Zanzibar, na je, aliwahi kurudi?

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni, binti wa Sultani Said bin Sultan na Jilfidan, suria aliyetoka kwa Wacherkesi, watu wa milima ya Kaukazi. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimwingiza kwenye siasa mapema: ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid mwaka 1859, msichana wa miaka 15 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za wapinzani. Jaribio lilishindwa.

Baadaye akapendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akapata mimba. Agosti 1866 akaondoka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa Mei 1867, akaitwa Emily Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, bila urithi wa kwao.

Alirudi mara mbili, 1885 na 1888. Safari ya kwanza alikuja na meli za Wajerumani, ambao walimtumia kumtisha Barghash, wakati huo akiwa Sultani. Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za upinzani, alikataa kumpokea. Mwaka 1886 alitoa kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Ndani yake anaeleza kasri kwa macho ya aliyekulia humo, chakula, mavazi, ugomvi wa ndugu. Pia anatetea utumwa, na msomaji asilifumbie macho hilo. Alifariki Ujerumani Februari 1924.

Katika orodha yetu yeye ndiye aliyekuwa peke yake kuliko wote, na ukisoma maisha yake Hamburg utaona upweke ulivyomgharimu.

Mekatilili alikuwa nani, na hadithi ya kuku ni ya kweli?

Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi wa Menza, Mgiriama wa nyuma ya Malindi. Alipojifungua mwana wake Katilili akaitwa Mekatilili, kama ilivyo desturi. Mwaka 1913 alikuwa mtu mzima, mjane, na serikali ya Kiingereza ilikuwa ikitaka mambo matatu kwa Wagiriama: kodi ya kibanda, vijana wa kufanya kazi mashambani na kubeba mizigo, na wahame ardhi yenye rutuba kaskazini ya Mto Sabaki.

Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi. Fikiria ujanja wake: mkutano wa siasa ungezuiwa, lakini nani atazuia watu kucheza ngoma ya maiti? Watu walikusanyika, wakacheza, kisha akasema. Kisha akawaongoza hadi Kaya Fungo, makao matakatifu ya wazee, na hapo kikaliwa kiapo: wanawake walikula kiapo kiitwacho mukushekushe, wanaume kiapo kiitwacho fisi. Aliyekula kiapo hakulipa kodi, hakutoa kijana. Maofisa wa Kiingereza wakajikuta wanatoa amri na hakuna anayeitikia.

Kuhusu kuku, masimulizi ya Wagiriama yanasema hivi. Ofisa Arthur Champion alikuja kutaka vijana. Mekatilili akaleta kuku mwenye vifaranga, akamwambia: chukua kifaranga kimoja. Alipoinama, kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia hayo ndiyo yatakayompata akigusa watoto wao. Champion akampiga kuku risasi. Haya ni masimulizi ya mdomo, nasi tunayachukua hivyo. Ila ofisa huyo na madai yake vimo kwenye kumbukumbu za serikali yenyewe.

Ni kweli alitoroka Kisii akarudi pwani kwa miguu?

Ndiyo. Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka na kurudi Giriama. Hawakuwa na lugha ya huko, na njiani palikuwa na mamia ya kilomita, misitu na wanyama. Mwanamke aliyekwisha kuvuka ujana!

Serikali ililijibu suala lote kwa baruti: Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa. Vita vikafuata, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena akahamishwa, akarudi kwao 1919. Lakini Wagiriama hawakuzuiliwa moja kwa moja kuishi ng'ambo ya Sabaki. Walirudi huko baada ya vita, na Mekatilili mwenyewe kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Katika Vita vya Majimaji kulikuwa na mwanamke kiongozi?

Alikuwepo Nkomanile, kiongozi wa Kingoni upande wa Songea, aliyepokea maji na kuyaeneza kwa watu wake. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 pamoja na viongozi wanaume. Anastahili kutajwa kila anapotajwa Nduna Songea Mbano.

Siti binti Saad alizaliwa mtumwa?

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika familia ya kitumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini sheria haikufuta dharau. Familia yake ilikuwa ya wafinyanzi. Alibeba vyungu akapita akivinadi kwa sauti, na inasemwa kwamba watu walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona. Mwaka 1911 hivi alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, mtu wa chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa, alimfundisha kuimba na kutamka Kiarabu sawasawa.

Taarabu ya kasri wakati ule iliimbwa kwa Kiarabu na wanaume, kwa ajili ya wakubwa. Siti na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruk aliyekuwa kipofu, waliiimba kwa Kiswahili, na nyumba yake ya Ng'ambo ikawa mahali pa kukutania watu usiku: wachukuzi, wapishi, wanawake wa mtaani.

Wapo waliomwimbia wimbo wa kumkejeli kwamba alitoka shamba na kaniki, na kwamba bila sauti asingekuwa na cha kula. Hakugombana nao barabarani. Alijibu kwa wimbo pia, kwamba cha maana kwa mtu ni akili na tabia, si sura wala nasaba. Leo wimbo wa kejeli unajulikana kwa sababu yake yeye tu.

Kwa nini safari ya Bombay mwaka 1928 inatajwa sana?

Kwa sababu huko ndiko alikorekodi sahani kwa kampuni ya His Master's Voice, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Sahani zikasafiri pwani nzima na kuingia bara. Mtu aliyeketi mkahawani mbali kabisa na Zanzibar akasikia Kiswahili kikitoka kwenye mashine, na sauti ni ya mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu.

Mimi naona zaidi ya sauti yenyewe, ukubwa wake uko kwenye mambo aliyoyaimba. Wimbo wake unaojulikana sana unamhusu mtu aliyeitwa Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akakimbia. Kijiti hakuadhibiwa, waliopata taabu mahakamani ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku ile. Siti aliuchukua uonevu huo akaupeleka kwenye santuri. Gazeti gani la wakati ule lingemwandikia mwanamke maskini habari hiyo kwa lugha yake?

Alifariki Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ni jambo la heshima kubwa kwamba mwandishi mkuu wa Kiswahili alimchagua yeye.

Bi Kidude alikuwa mwanafunzi wake?

Alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na aliendelea kuimba nyimbo zake hadi uzeeni. Pia alikuwa mwalimu wa unyago na mpigaji wa msondo. Alifariki Aprili 2013.

Bibi Titi Mohamed alifanya nini hasa kupigania uhuru wa Tanganyika?

Aliwaleta wanawake ndani ya TANU, na bila wao TANU ingebaki chama cha wanaume wachache wenye kuvaa suti. Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakuwa msomi wa vyuo. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji mzima ulimjua kwa hilo.

Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Jibu likawa kumtafuta Bibi Titi. Yeye hakuanza kwa kuandika katiba ya tawi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma mmoja baada ya mwingine, maana kila kikundi kilikuwa na wanachama, michango, sare na utaratibu wa kupelekeana habari. Waliokubali walikuja na watu wao wote. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga.

Kumbuka hawa walikuwa nani: wauza pombe, wauza maandazi na vitumbua, wapangishaji wa vyumba. Walikuwa na fedha zao wenyewe na hawakuwa na mwajiri wa serikali wa kuwatisha, wakati karani mwanamume aliogopa kupoteza kazi akionekana na kadi. Hilo ndilo lililokipa chama uti wa mgongo mjini. Bibi Titi akazunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere, akipanda jukwaani kuhutubia kwa Kiswahili kilichomfikia kila mtu.

Kama alikuwa mpigania uhuru, ilikuwaje akafungwa kwa uhaini?

Baada ya uhuru alikuwa naibu waziri, na mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa 1962. Mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge Rufiji. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, hakukubali. Alikuwa na nyumba zake, na kwa mwanamke asiye na elimu ya ofisini nyumba ndiyo pensheni. Akajiuzulu Kamati Kuu.

Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine, akiwamo Michael Kamaliza, kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Alikana. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha Rais Nyerere akamsamehe na kumwachia 1972. Alipotoka, ndoa ilikuwa imevunjika na marafiki wengi walikuwa wametoweka. Kwa miaka mingi picha zake hazikuonekana, na watoto walisoma historia ya TANU bila jina lake. Naamini hilo lilikuwa kosa kubwa. Hukumu ya 1971, vyovyote mtu atakavyoipima, haiwezi kufuta kazi ya 1955. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Kwa nini akina mama walivua nguo Uhuru Park mwaka 1992? Haikuwa aibu?

Ilikuwa laana, na kila Mkikuyu aliyekuwepo aliielewa. Ili kuielewa inabidi kurudi miaka 70 nyuma. Machi 16, 1922, watu walikusanyika Nairobi nje ya kituo cha polisi wakidai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Wawakilishi wanaume walizungumza na wakubwa, wakatoka wakiwaambia watu waende nyumbani. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akainua gauni lake mbele ya wote, akawataka wanaume wamwachie suruali zao kama wanaogopa. Watu wakasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Taarifa rasmi ilitaja waliokufa 21, na Nyanjiru alikuwa wa mwanzo kuanguka. Wanawake walimtungia wimbo, na serikali ikaupiga marufuku.

Mwaka 1992 akina mama wazee, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walifunga kula Uhuru Park wakidai watoto wao, wafungwa wa kisiasa. Polisi walipowavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, baadhi ya mama hao walivua nguo. Mama anapomwonyesha kijana mwenye umri wa mwanawe uchi wake, anamwambia: umenipiga mimi niliyekuzaa. Wangari alipigwa hadi akazimia. Akina mama walihamia Kanisa Kuu la All Saints jirani, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa.

Kupanda miti kunahusiana vipi na tuzo ya amani?

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, Aprili 1, 1940. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya aliwasikia akina mama wa vijijini wakilalamika: kuni ziko mbali, maji yamechafuka, chakula hakitoshi. Mwaka 1977 wakaanza na miche saba.

Maofisa wa misitu walidai kazi hiyo inahitaji stashahada. Akina mama wakaotesha mbegu kwenye makopo ya zamani na vyungu vilivyovunjika, kama walivyozoea kuotesha mbegu shambani, na walilipwa kitu kidogo kwa kila mche uliopona. Mwanamke mwenye kitalu na fedha zake, anayekutana na wenzake kila wiki, huanza kuuliza nani anauza msitu. Ndivyo ilivyofika mwaka 1989 wakapinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Wabunge walimtukana Wangari, shirika lao la Green Belt Movement likafukuzwa ofisini likahamia nyumbani kwake, lakini jengo halikujengwa. Baadaye ukaja mpambano wa kuulinda msitu wa Karura, Nairobi.

Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, ya kwanza ya aina hiyo kwa mwanamke Mwafrika, ililipa kazi ile yote. Alipofariki Septemba 2011 hakuwekwa kwenye jeneza la mbao. Alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili yake, akatengenezewa la mianzi, magugumaji na mafunjo.

Mau Mau ilikuwa na jenerali mwanamke?

Ilikuwa na zaidi: Muthoni wa Kirima alifikia cheo cha Field Marshal, mwanamke pekee. Nywele zake za tangu msituni zilikatwa Aprili 2022, miezi 17 kabla ya kifo chake.

Wa kwanza ni nani katika siasa za karibuni?

Kwa haraka: Grace Onyango, mbunge wa kwanza mwanamke wa kuchaguliwa Kenya, 1969. Sylvie Kinigi wa Burundi na Agathe Uwilingiyimana wa Rwanda, mawaziri wakuu kuanzia Julai 1993. Agathe aliuawa Aprili 7, 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza. Specioza Kazibwe, makamu wa rais wa Uganda, 1994. Gertrude Mongella, aliyeongoza maandalizi ya mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995. Samia Suluhu Hassan, rais wa Tanzania tangu Machi 19, 2021.

Nataka kuandika habari za bibi yangu aliyekuwa kwenye harakati. Nianzie wapi?

Anza na kikundi chake. Ukimuuliza "ulifanya nini kwenye uhuru?" atakuambia hakufanya kitu. Muulize alicheza ngoma gani, sare ilikuwa ya rangi gani, nani alikuwa mwenyekiti, fedha zilitunzwa na nani, walikutana kwa nani. Mwombe aimbe, na urekodi kwa simu. Wengi hukumbuka kwa wimbo mambo ambayo hawayakumbuki kwa maelezo. Andika majina matatu ya kila anayetajwa, na mtaa. Kama ana kadi ya chama, picha ya studio au khanga ya siku ile, ipige picha pande zote mbili kabla haijamalizwa na mchwa. Kisha mtafute mmoja wa wenzake walio hai umuulize maswali yale yale.